Aliyetangulizwa Miguu

Inspekta aliufungua mlango wa nyuma wa ile ambulensi, akachungulia, akaufunga, kisha akaufungua tena. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye yadi ya kituo tangu Jumamosi jioni, na ndani yake palinukia dawa ya kusafishia sakafu kiasi cha kuwasha pua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo ndilo lililomkera. Gari ambalo mtu amekata roho ndani yake halina haki ya kuwa nadhifu namna hiyo.

“Afande, umelikagua hilo gari mpaka limeona haya,” alisema Koplo. Alikuwa mwanamume mpana mwenye kitambi cha heshima, na alikuwa amejiegemeza kwenye kivuli cha ukuta akila karanga. “Mtungi wa oksijeni umejaa. King'ora kinalia. Mafuta yamo. Sasa tunatafuta nini?”

“Ningejua ninachotafuta ningekuwa nimeshakipata. Acha karanga, njoo.”

Askari wenzake walimwita Inspekta huyu Kiroboto, ingawa si mbele yake. Hakuwa na subira ya kukaa, na asubuhi hiyo hata kusimama kulimshinda. Jalada la kesi lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa nane mchana. Likifika kama lilivyo, yule muuguzi aliyekuwa mahabusu angepandishwa kizimbani siku hiyohiyo kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Angepoteza leseni, kazi na miaka kadhaa ya maisha yake. Inspekta mwenyewe ndiye aliyemkamata, kwa maelezo yaliyoonekana yamenyooka kama rula. Tangu hapo usingizi ulikuwa umemkimbia.

Maelezo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi kulikuwa na bonanza la michezo la wafanyakazi wa majengo ya ofisi mjini. Fundi mmoja wa lifti, mwenye pumu ya tangu utotoni, alishiriki mchezo wa kuvuta kamba, vumbi likatimka, kifua kikambana. Muuguzi wa uwanja, ambaye alikuwa peke yake kwa umati mzima, alimpa oksijeni kutoka kwenye mtungi wake mdogo mpaka akaanza kuvuta pumzi vizuri. Kisha akamkabidhi kwa ambulensi ya kampuni binafsi iliyokuwa getini, ikampeleka hospitali. Ilipofika hospitali, fundi alikuwa ameshafariki. Barakoa ya oksijeni ilikuwa usoni pake, lakini mpira wake ulikuwa unaning'inia, haujaunganishwa na chochote.

Kampuni ilisema muuguzi alikabidhi mgonjwa akiwa hivyohivyo, akawaambia yuko salama, wasiguse kitu. Muuguzi alisema alichomoa mpira kwenye mtungi wake mlangoni pa gari, kwa sababu mtungi ulikuwa mmoja tu na sheria inamkataza kuuondoa uwanjani. Wahudumu wawili wa ile ambulensi wakamwambia, “Tumempokea, dada, pole sana.” Mara akaitwa kwa mtoto aliyezimia kwa jua, akakimbia. Hakungoja mlango ufungwe.

“Kama angengoja mlango ufungwe, leo tungekuwa tunakunywa chai,” alisema Koplo.

“Na yule mtoto aliyezimia?”

Koplo akatafuna karanga yake ya mwisho.

Walipopita kaunta kwenda kuchukua gari lao, mama mmoja mnene aliinuka kwenye benchi na kuwakingia njia. Alikuwa na chupa ya chai mkononi na mkoba begani, na sauti yake ingeweza kuongoza kwaya.

“Wewe ndiye uliyemweka ndani mke wa mwanangu?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi nikuambie. Mimi na yule msichana hatuelewani. Chumvi yake haionjeki, na kuna siku tunapitana ukumbini kama wapangaji. Muulize mwanangu. Lakini baba yake mwanangu alipokuwa anaumwa, ni yeye aliyekesha naye, si mimi. Mtu yule hamwachi mgonjwa. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Umesikia, lakini unaenda wapi?”

“Kutafuta kilichompata yule fundi.”

“Ukirudi bila kukipata, utanikuta hapahapa,” alisema mama mkwe, akakaa chini na kufungua chupa yake.

Ndani ya gari Inspekta alitoa wazo lililokuwa likimwasha tangu alfajiri. Kutoka uwanjani hadi hospitali ni mwendo mfupi, hata kwa mtu asiye na haraka. Ambulensi ilichukua muda mrefu kupita kiasi. Lazima ilisimama mahali. Ama walijaza mafuta, ama walichukua mgonjwa mwingine njiani, ama walipotea.

“Dereva wa ambulensi apotee njia ya hospitali?” Koplo alicheka. “Hiyo ni sawa na mimi kupotea njia ya jikoni.”

“Basi walisimama. Nataka kujua wapi.”

Mke wa marehemu, aliyepanda ile ambulensi pamoja na mumewe, alikuwa nyumbani kwa dada yake, kwenye ghorofa ya juu ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa. Walipanda ngazi, Koplo akihema kama anayevuta mkokoteni. Mjane aliwapokea sebuleni akiwa na macho makavu, yale ya mtu ambaye machozi yamemwishia. Dada yake aliwaletea maji, akabaki amesimama nyuma ya kiti chake.

“Pole sana, mama,” alisema Inspekta. “Nitakuuliza machache tu. Njiani mlisimama popote?”

“Hatukusimama.”

“Hata kidogo? Kituo cha mafuta, dukani?”

“Hatukusimama. Ila tulikuwa tunaenda polepole. Nilimwambia dereva, ‘Baba, kimbia, mume wangu anaumwa.’ Akaniambia, ‘Mama, tutafika, usiwe na wasiwasi, tutafika salama.’ Ana sauti ya upole sana yule mzee. Nikaona labda ndivyo wanavyofanya, ili mgonjwa asirushwerushwe.”

“King'ora walipiga?”

“Hapana. Waliwasha taa tu.”

Inspekta aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Dhana yake ya kusimama njiani ilikuwa imekufa mikononi mwake, na hakuwa na nyingine ya kuweka badala yake.

“Wewe ulikaa wapi?”

“Mbele. Nilikaa katikati.”

“Katikati ya nani na nani?”

“Katikati ya dereva na yule mwenzake.”

Koplo aliacha kuandika. Inspekta naye aliacha kutembea.

“Mwenzake alikaa mbele? Nyuma kulikuwa na nani?”

Mjane alimtazama, kisha akamtazama dada yake, kana kwamba swali lile lilikuwa la lugha nyingine. “Sijui. Nilidhani kuna mtu. Si huwa kuna mtu?”

Koplo aliinamia daftari lake, akaandika.

“Tulipofika,” akaendelea, “nilishuka nikakimbilia nyuma. Walipofungua tu mlango, uso wake ulikuwa pale, karibu yangu, nikamshika mashavu. Yalikuwa ya baridi. Nilimshika mimi kabla daktari hajamshika.”

“Uso wake ulikuwa mlangoni?”

“Pale pale mlangoni.”

Inspekta alimshukuru, akamshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyozoea, wakashuka.

Walipofika kwenye mzunguko wa barabara karibu na hospitali, walimkuta trafiki aliyekuwa zamu siku ya Jumamosi. Alikuwa amesimama katikati ya magari na glavu nyeupe, akiyaelekeza kwa madaha. Inspekta alimwita pembeni.

“Unaikumbuka ambulensi ya Jumamosi mchana, ya ile kampuni yenye mstari wa kijani?”

“Naikumbuka, afande. Niliipigia saluti.”

“Uliipigia saluti ambulensi?”

Trafiki alijikuna shingo. “Afande, usinicheke. Ilikuja taratibu, taa zote zinawaka mchana kweupe, zile za hadhari nazo zinapepesa. Magari ya nyuma yamejipanga, hakuna hata moja linalopiga honi. Dereva akanipungia mkono hivi, kwa chini. Mimi huo mkono naujua. Nikasimamisha barabara zote, nikavua kofia kwanza, kisha nikavaa nikapiga saluti. Nilijua wana maiti.”

“Ni nani aliyekuambia kuna maiti?”

“Hakuna. Mwendo wenyewe ndio ulioniambia.”

“Na wakati huo,” alisema Inspekta, “mtu aliyekuwa ndani alikuwa hai.”

Trafiki alifungua mdomo. Lori likapiga honi nyuma yake na hakugeuka.

Kurudi kituoni Inspekta aliendesha mwenyewe, na aliendesha vibaya. Alipovuka geti la yadi alishuka hata kabla Koplo hajafungua mkanda, akaenda moja kwa moja kwenye ambulensi, akavua viatu.

“Nilaze.”

“Afande?”

“Mimi ni mgonjwa. Nilaze kwenye hiyo machela, kichwa kitangulie ndani.”

Ile machela ilikuwa ya bapa, yenye mikono pande zote mbili, ikiteleza kwenye reli mbili za chuma. Haikujali inaingizwa upande gani. Koplo aliomba msaada wa askari wa kaunta, wakambeba mkubwa wao wakitazamana kwa aibu, wakamsukuma ndani. Inspekta alilala akitazama dari. Kichwa chake kilikuwa mbele, nyuma ya kiti cha dereva. Hapo hapo, kwa usawa wa sikio lake, kulikuwa na kiti kidogo cha kukunjwa chenye mkanda, na juu ya kiti palikuwa na tundu la oksijeni. Alichukua barakoa, akaivaa, akanyoosha mpira. Ulifika na ukabaki.

“Nitoe. Sasa nilaze tena, miguu itangulie.”

Safari hii kichwa chake kilikuwa mlangoni, na jua la yadi lilimpiga usoni. Alivaa barakoa. Koplo aliingia ndani akavuta mpira kuelekea kwenye tundu. Mpira ukanyooka, ukakaza, ukamvuta Inspekta pua, na bado ulikuwa umepungua urefu wa mkono mzima.

“Haufiki,” alisema Koplo.

“Haufiki.” Inspekta aliivua barakoa, akabaki amelala. Kwa mara ya kwanza siku ile alitulia kabisa. “Hakuna mtu aliyesahau kuunganisha. Hakukuwa na njia ya kuunganisha. Na hakuna aliyegundua kwamba haufiki, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye hicho kiti. Watu waliofunzwa kazi hii hawawezi kumlaza mtu hivi, hata wakiwa wamelewa. Kiti chao kiko kule, oksijeni yao iko kule. Wangemwingiza hivi ili wakae na miguu yake?”

“Kwa hiyo hawakuwa watu wa ambulensi.”

“Ila walikuwa watu wa kazi. Muuguzi amesema walimpokea vizuri, hawakuyumba hata kidogo. Wanajua kubeba. Sasa wewe niambie, Koplo, ni nani anayejua kubeba watu vizuri, anawaambia jamaa zao pole, anaendesha polepole, anawasha taa mchana, na hana sababu ya kukaa nao nyuma?”

Koplo aliitazama machela, akarudi nyuma hatua moja, kama vile imemgusa.

Njiani kwenda kwenye kampuni Inspekta alimpigia simu mkaguzi wa baraza linalotoa leseni za ambulensi, yule aliyepitisha bonanza lile. Alimweka kwenye spika ili Koplo asikie.

“Jumamosi asubuhi nilikuwepo, afande,” alisema mkaguzi. “Hakuna shughuli inayoanza mpaka ambulensi iwe getini. Nilikagua gari, vifaa, mtungi, sare. Kila kitu kilikamilika, nikabandika stika.”

“Na wahudumu? Uliwauliza swali lolote?”

“Wahudumu walikuwa wamevaa sare.”

“Nimekuuliza kama uliwauliza swali.”

“Sisi tunakagua gari, afande. Watu ni jukumu la kampuni.”

“Ahsante,” alisema Inspekta, akaikata simu kwa nguvu kuliko kidole kinavyohitaji. “Sare hata mimi naweza kuivaa.”

Ofisi ya kampuni ilikuwa nyuma ya geti la bluu, na ua wake ulikuwa umepakwa lami mpya. Mkurugenzi aliwapokea kabla hawajabisha. Alikuwa amenyoa vizuri, amejipulizia manukato yaliyomtangulia mlangoni, na alikuwa na tabasamu la mtu aliyezoea kuwakaribisha wakaguzi.

“Inspekta, karibu sana. Nilijua leo mnamaliza ile kesi. Kwa kweli imetusikitisha. Muuguzi mmoja anaharibu jina la sekta nzima.”

“Nataka wale wawili wa Jumamosi.”

“Walishatoa maelezo.”

“Nataka kuwaona wakifanya kazi. Ni utaratibu tu. Lete na machela.”

“Leo wamechoka, wametoka zamu.”

“Bosi,” alisema Inspekta kwa upole wa kutisha, “waite.”

Walikuja kutoka nyuma ya ofisi. Dereva alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na wenzake kazini walimwita Mzee Taratibu. Msaidizi wake alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye mikono mikubwa aliyoishikanisha mbele yake. Wote wawili walikuwa wamevaa sare za kijani, na wote wawili waliinamisha vichwa kidogo walipowasalimu wageni.

“Shikamoo, mzee,” alisema Inspekta.

“Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi.”

“Huyu Koplo wangu ameanguka uwanjani. Hawezi kupumua. Mpakieni.”

Koplo alimtupia jicho mkubwa wake, akajilaza kwenye machela iliyowekwa chini kwenye lami. Ambulensi nyingine ya kampuni ilikuwa hatua chache kutoka pale, mlango wa nyuma umefunguliwa. Mkurugenzi akasogea mbele.

“Kwa kawaida wakiwa kwenye tukio halisi huwa...”

“Bosi, nyamaza kidogo.”

Wale wawili waliinama pamoja. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyemwambia mwenzake tayari, lakini walinyanyuka kwa wakati mmoja, na Koplo mwenye kitambi cha heshima akainuka hewani kama godoro jepesi. Ilikuwa kazi nzuri. Inspekta alikiri hivyo moyoni, na moyo ukamuuma. Walitembea kwa hatua zilizolingana hadi mlangoni, na hapo, bila kutazamana, wakageuka pamoja. Miguu ya Koplo ikaingia kwanza.

Machela iliteleza mpaka mwisho. Msaidizi aliifunga kwenye reli. Kisha akamnyoosha Koplo miguu, akaikutanisha visigino. Akachukua mkono wake mmoja, akauweka kifuani, akachukua wa pili, akauweka juu ya ule wa kwanza. Akavuta shuka, akailainisha mikunjo, akaifikisha kidevuni. Halafu wote wawili wakarudi nyuma, wakashikanisha mikono, wakainamisha vichwa.



“Afande,” ilisikika sauti ya Koplo kutoka ndani, nyembamba kuliko kawaida, “mimi bado nipo.”

Hakuna aliyecheka. Mzee Taratibu alikuwa ameitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba imemsengenya mbele za watu. Inspekta alimkaribia.

“Mzee, kwa nini miguu kwanza?”

Mkurugenzi alianza kusema jambo kuhusu mazingira na upana wa mlango. Inspekta hakumgeukia.

“Mzee.”

“Marehemu anaondoka miguu mbele, mwanangu,” alisema dereva taratibu. “Kichwa kinabaki mlangoni. Wenyewe wakifungua, wanakutana na uso wake kwanza. Hatutaki wakutane na nyayo. Ndivyo tulivyofanya siku zote.”

“Gari lenu la maiti liko wapi?”

Alinyoosha kidole nyuma ya ofisi. Koplo, aliyekuwa ameshajitoa kwenye machela kwa kasi ambayo hajawahi kuionyesha kazini, alikwenda kuangalia. Alirudi akitikisa kichwa kwamba ndiyo, lipo.

“Na wahudumu wa ambulensi, wale wenye mafunzo, Jumamosi walikuwa wapi?”

“Walikuwa kwenye ufunguzi wa hoteli. Bosi alisema kule kuna wageni wakubwa, na kule uwanjani ni watu wanacheza tu, hakuna mgonjwa. Akatupa sare hizi. Akasema msimame getini muonekane, jioni mrudi. Nilimuuliza, ‘Bosi, mtu akiumia?’ Akasema, ‘Utampeleka hospitali, si unajua kuendesha?’ Na kweli najua kuendesha.”

“Huyu mzee amechanganyikiwa,” alisema Mkurugenzi. Tabasamu lilikuwa limebaki midomoni tu. “Inspekta, tuingie ofisini tuongee kama watu wazima.”

“Tunaongea kama watu wazima hapahapa.” Alimgeukia msaidizi, ambaye hakuwa amesema neno. “Wewe, kwa nini hukukaa nyuma na mgonjwa?”

“Nyuma huwa hakai mtu,” alisema msaidizi.

Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayeeleza kazi yake kwa mgeni. Kisha akakisikia alichokisema. Uso wake ulianza kubadilika, polepole, kuanzia mdomoni kwenda juu.

“Njiani mlisikia chochote?”

Msaidizi aliigeukia ambulensi.

“Nimekuuliza, ndugu yangu.”

“Yule mama alisema anasikia kitu kinagonga nyuma. Nikamwambia ni machela.”

“Ilikuwa imelegea?”

“Hapana.” Alijifuta uso kwa mikono yake yote miwili. “Niliifunga mwenyewe. Mimi nikifunga hailegei. Lakini sikuwaza, afande. Naapa sikuwaza. Vitu vya nyuma huwa tunavisikia vikigonga, vipini vya jeneza, mbao, hatugeuki. Sikuwaza kwamba nyuma kuna mtu.”

Mzee Taratibu alimshika mwenzake bega. Inspekta alitamani kupiga mtu, na aliyestahili kupigwa alikuwa amesimama karibu naye akinukia vizuri. Alivuta pumzi, akamgeukia, akamwambia yuko chini ya ulinzi. Mkurugenzi alitaja jina la mtu mkubwa fulani. Koplo, akiwa na hasira ya mtu aliyekunjiwa mikono kifuani akiwa hai, alimwambia atampigia simu huyo mtu mkubwa akiwa mahabusu, kama ataruhusiwa.

Wale wawili walikuja bila pingu. Walipanda wenyewe kwenye gari la polisi, na mzee akamsubiri msaidizi aketi kwanza ndipo na yeye akaketi.

Saa nane ilikuwa inakaribia. Inspekta alimpigia mwendesha mashtaka akiwa barabarani, akamweleza kwa kifupi, na ilibidi arudie mara mbili ile habari ya mikono kifuani kwa sababu mwenzake alidhani anatania. Mwishowe mwendesha mashtaka alisema alete jalada jipya, hilo la zamani halina tena mshtakiwa. “Mtoe huyo muuguzi,” alisema. “Na stika za baraza zote za mwezi huu nazitaka mezani kwangu. Kuna mechi Jumapili, na hiyo kampuni ndiyo iliyopangiwa.”

Kituoni mama mkwe alisimama mara tu alipomwona Inspekta, akamsoma usoni. Hakuuliza. Alikunja leso yake, akafunga chupa ya chai, akamfuata kwenye korido hadi mlango wa mahabusu bila ruhusa ya mtu yeyote, na hakuna askari aliyethubutu kumrudisha.

Muuguzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bado na sare yake ya uwanjani yenye vumbi. Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyomkumbuka. Alipoona mlango unafunguliwa alisimama, akajipangusa magoti.

“Umeachiwa,” alisema Inspekta. “Hukukosea. Hawakuwa wahudumu wa ambulensi, walikuwa wa gari la maiti. Walimlaza vibaya, mpira haukufika kwenye oksijeni. Mkurugenzi wao yuko ndani. Nakuomba radhi kwa kukukamata.”

Mama mkwe alisema ahsante Mungu kwa sauti ya juu, akanyoosha mikono yake miwili. Muuguzi hakuiendea. Alikuwa bado anamtazama Inspekta.

“Nani alikaa naye nyuma?”

Inspekta alijua angeweza kusema hajui. Angeweza kusema suala hilo bado linachunguzwa, maneno ambayo ameyasema kwa watu wengi na hayajamuumiza yeyote. Alishika fremu ya mlango.

“Hakuna aliyekaa naye.”

“Hakuna?”

“Alikuwa peke yake.”

Muuguzi alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akateleza chini, akakaa alipokuwa. Kwa siku zote alizokuwa mle ndani alikuwa hajalia, walinzi walikuwa wameliandika hilo kama jambo la kutia shaka. Sasa alilia huku mdomo wake wazi, bila kujificha, na mama mkwe akaingia na chupa yake na mkoba wake akaketi kwenye sakafu kando yake.

“Alikuwa amenishika mkono,” alisema muuguzi alipopata sauti. “Pale mlangoni pa gari. Alikuwa hawezi kusema kwa ile barakoa, lakini alinishika kwa nguvu, hakutaka niondoke. Na kule wananiita, mtoto ameanguka. Nikamwambia, ‘Kaka yangu, niachie, usiogope, kuna mtu anakaa na wewe njia nzima.’ Akanitazama. Akaniachia.”